Bana ya gesi yenye feni kwenye oveni ya mikate: uzoefu wangu, Arusha

Oveni yetu ni ile ya toroli la trei linalozunguka ndani, na zamani ilikuwa ikichoma dizeli. Mikate ilitoka vizuri, ila masizi yalikuwa yakijaa kwenye njia za moshi, na kila yakijaa oveni inachelewa kupata moto huku dizeli ikiliwa zaidi. Sasa tunatumia bana, yaani kichomeo chenye feni yake, ya gesi ya mitungi, Riello ya familia ya BS, kutoka Italia. Naipenda, na nikifungua tawi jingine nitanunua hiyo hiyo. Ila anayetaka kununua aanze kwa kuangalia mambo yaliyo nje ya bana, kwa sababu huko ndiko pesa zinakopotea.

Kwanza aina. Sokoni utaonyeshwa bana za bei rahisi zinazovuta hewa zenyewe kwa msukumo wa gesi, kama zile za majiko makubwa ya kukaangia maandazi. Ni nzuri sana kwenye sufuria na kikaango, mahali moto uko wazi. Oveni ya toroli ni kitu kingine: moto unawaka ndani ya chumba kilichofungwa, moshi haugusi mkate, na hewa ya moto lazima isukumwe kwenye njia nyembamba mpaka itoke kwenye dohani. Bila feni moto unakosa hewa, unageuka wa njano, na monoksidi ya kaboni, ambayo ni gesi ya sumu, inazalishwa. Viwanda vya biskuti vyenye oveni ndefu za mkanda hutumia bana nyembamba zilizopangwa juu na chini ya mkanda, na wanaochoma kuku kwa wingi wana zile za vigae vinavyowaka vyekundu. Kila moja ina kazi yake. Usikubali kuuziwa moja kwa kazi zote.

Halafu nguvu. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam au Tanga. Feni inazunguka vilevile, lakini inapeleka oksijeni pungufu, kwa hiyo bana haitoi kilowati zote zilizoandikwa kwenye kibati chake. Fundi wetu alilipigia hesabu jambo hili kabla ya kuagiza, tukachukua saizi ya juu kidogo. Ukiwa Mbeya, Iringa au Nairobi, muulize muuzaji swali hili, na akishindwa kulijibu nenda kwa mwingine.

Sasa gesi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Kilo moja ya gesi ya mitungi ina joto la karibu kilowati-saa 12.8. Bana ya kilowati 100 ikiwaka mfululizo inakula karibu kilo 8 kwa saa. Mtungi wa kilo 38 una gesi ya kutosha saa nne na zaidi, lakini hauwezi kuitoa kwa kasi hiyo. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili igeuke mvuke inahitaji joto, ambalo inalivuta kutoka kwenye chuma cha mtungi. Ukiivuta kwa nguvu mtungi unapoa, unatoa jasho, kisha barafu, na presha inashuka. Alfajiri za Juni na Julai huku kwetu hali ni mbaya zaidi, maana gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani inachemka kwenye nyuzi karibu na sifuri. Dawa ni kuunganisha mitungi kadhaa kwenye bomba moja ili mzigo ugawanyike, na kuwa na safu ya pili ya akiba. Mwenye bana kubwa zaidi anahitaji mashine ya kuipasha gesi joto ili igeuke mvuke.

Mitungi yetu iko nje, kwenye kizimba cha nondo, mbali na mifereji na mashimo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya. Gesi asilia ya Songo Songo inayofika viwanda vya Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004 ni nyepesi, inapanda juu. Hata joto lake ni tofauti: kwa ujazo ule ule, propani ina joto karibu mara mbili na nusu. Kwa hiyo bana iliyotumika kwenye gesi ya bomba usiifunge kwenye mitungi bila kubadilishwa kichwa na kupimwa upya.

Jambo lililotusumbua lilikuwa la umeme. Fundi wa kwanza aligeuza waya za laivu na nyutro, na ethi, yaani waya wa ardhini, ilikuwa dhaifu. Bana hii inautambua moto kwa mkondo mdogo wa umeme unaopita ndani ya mwali wenyewe, kwa hiyo ilikuwa inawaka sekunde chache, inazima, taa nyekundu inawaka. Tulishaanza kuilaumu bana, kumbe ilikuwa inafanya inavyotakiwa: isipouona moto inafunga gesi. Waya ziliporekebishwa, tatizo likaisha. Napenda pia kwamba kabla ya kuwaka feni inapuliza kwanza na kusafisha chumba. Vijana wetu wa zamu ya usiku wanajua: ikijifunga, bonyeza kitufe cha kuiwasha upya mara moja, ikirudia, mwite fundi.

Fundi huyo naye aje na kipima moshi, kifaa kinachopima gesi zilizomo kwenye moshi wa dohani. Kurekebisha hewa kwa kuangalia rangi ya mwali peke yake hakutoshi, na anayekuambia kwamba kunatosha usimkabidhi oveni yako.