Mkungu au Mchaichai: Upi Utangulie Kuingia Uani?

Watazamaji wapendwa, karibuni tena. Niko uani kwangu hapa Dar es Salaam, ni saa tatu asubuhi, na juu ya meza nimeweka vitu viwili: mche wa mkungu ulio ndani ya kiriba, ambao kimo chake kinanifika gotini, na shina la mchaichai lenye mizizi, ambalo nimelifunika kwa gunia bichi ili lisinyauke kabla hatujamaliza mazungumzo. Swali ambalo wengi wenu mmeniuliza ni kwamba mtu akiwa na nafasi nyuma ya nyumba na uwezo wa kuanza na kimoja tu, atangulize mti wa kivuli au kiungo cha jikoni. Wapo watakaosema kwamba viwili hivi havilinganishiki, lakini kwenye kitalu cha miche kando ya barabara vinauzwa bega kwa bega, na ukifika nyumbani vinagombea kitu kimoja, nacho ni jua.

Nianze na mkungu. Wakazi wa Pwani hawahitaji kuelezwa mti huu ni upi, kwa sababu Kariakoo kuna mtaa mzima unaoitwa Mkunguni, na Lamu uwanja ulio mbele ya Ngome unaitwa jina hilo hilo. Kinachoufanya uwe mti wa kivuli hasa, tofauti na miti mingine inayotoa kivuli kwa bahati tu, ni namna unavyopanga matawi yake: yanatoka kwenye shina kwa duara, yanalala karibu sawasawa na ardhi, kisha shina linapanda tena na kutoa duara lingine juu yake, kiasi kwamba mti mchanga unafanana na miavuli iliyopachikwa mmoja juu ya mwingine. Majani yake ni mapana, mengi yakiuzidi urefu wa kiganja cha mtu mzima, na kwa hiyo kivuli chake ni kizito, si kile cha madoadoa ambacho utakipata chini ya mwarobaini. Haubabaishwi na mchanga wala upepo wa chumvi, na kokwa zake huelea majini, jambo linaloeleza kwa nini tunaukuta kwenye fukwe nyingi za nchi za joto.

Sasa tuangalie upande wake wa pili, ambao muuza miche hatakueleza. Mkungu hupukutisha majani, na mara nyingi hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Kabla ya kuanguka majani hugeuka mekundu, yakapendeza sana machoni, kisha yanakuwa kazi ya fagio la chelewa kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Kungu zikiiva, popo huja usiku kuzila na kuangusha makokwa, na kama tawi limefika juu ya paa la bati, utaamka mara kadhaa kabla ya alfajiri. Watoto watafurahi, maana ndani ya kokwa kuna kiini kitamu kinachofanana na lozi, ingawa kukipasua kwa jiwe ni kazi kubwa kuliko mlo wenyewe.

Kasoro kubwa zaidi ni mizizi. Mkungu uliokomaa unaweza kufika mita 20 na zaidi kwenda juu, na mizizi yake mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi. Mimi mwenyewe, kwa haraka na kwa kutosikia la mtu, niliwahi kuupanda mita mbili tu kutoka kwenye njia niliyoitandaza matofali ya pevingi, na baada ya miaka michache matofali yakaanza kuinuka moja moja, hadi ikanilazimu kuukata mti ambao ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kunilipa. Tangu hapo simshauri mtu aupande chini ya mita nane kutoka kwenye ukuta, shimo la maji taka au bomba, na ua usio na nafasi hiyo nauhesabu kuwa si wa mkungu, hata mwenyewe aupende namna gani.

Tugeukie mchaichai, huu hapa. Huu ni nyasi, jamaa wa mpunga na muwa, na harufu ile ya ndimu inayowajaza pua mnapolivunja jani inatokana na mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni sitrali. Ni nadra kutoa maua, kwa hiyo haupandwi kwa mbegu; unalichimbua shina lililokomaa, unaligawa vipande vyenye mizizi, unapunguza majani ili yasinyonye maji mengi kabla mizizi haijashika, kisha unavipanda kwa nafasi ya sentimita 60 hivi. Kwa sababu hiyo mchaichai ni bidhaa ya ajabu kidogo katika uchambuzi kama huu: naweza kuwaeleza bei ya sokoni, lakini jirani mwenye kichaka kikubwa atakupa shina bure, na pengine atakushukuru kwa kumpunguzia.

Baada ya miezi minne hivi, ukiwa kwenye jua na ukipata maji ya kutosha, unaanza kukata. Mkate kwa kisu kikali, ukiacha sentimita 10 au 15 juu ya ardhi, na mvae glavu au mjifunge kitambaa, kwani kingo za majani zinakata ngozi bila mtu kuhisi mpaka atakapogusa chumvi. Kwa chai, mimi hukunja majani matatu au manne, nikayafunga fundo na kuyatia ndani ya maji tangu yakiwa baridi. Maziwa yanafuata baadaye. Kwa mchuzi wa samaki wa nazi, majani hayafai sana, kinachofaa ni ile sehemu nyeupe ya chini ya shina, iliyopondwa kidogo kwa mchi na kutolewa kabla ya kupakua. Ukitaka kuyahifadhi, yaanike kivulini, kwa maana jua linayapotezea mafuta yenye harufu na kukuachia majani makavu yasiyo na faida.

Jambo moja nataka kulisahihisha. Watu wengi huununua mchaichai ili kufukuza mbu, lakini mafuta yanayojulikana kwa kazi hiyo hukamuliwa hasa kutoka kwa nyasi ndugu zake, na tena yakiwa yamekamuliwa. Kichaka kilichosimama tu dirishani hakitamzuia mbu, kwa hiyo msishushe neti.

Sasa nirudi kwenye jua, kwa sababu hapo ndipo uamuzi ulipo. Mchaichai ukikosa jua hupungua harufu, hukonda na kulala. Mkungu, kwa upande wake, kazi yake yote ni kulizuia jua hilo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo tangu Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini na kivuli cha mti kinaangukia kusini. Miezi iliyobaki jua liko karibu na utosi na kivuli cha adhuhuri ni kifupi. Ndiyo maana mti unaokinga nyumba na joto la alasiri unafaa uwe magharibi mwa nyumba, na mchaichai uwe kaskazini mwa mti, nje ya mahali matawi yatakapofika, si yalipo leo. Wanaonitazama kutoka Muscat wageuze maelezo haya, kwani kwao jua la adhuhuri huwa kusini karibu mwaka mzima.

Uamuzi wangu basi ni huu. Aliyepanga nyumba achukue mchaichai bila kusita, kwa sababu ataunywa kabla kodi ya nusu mwaka haijakwisha, na siku ya kuhama atachimbua shina moja na kuondoka nalo ndani ya ndoo. Mwenye kiwanja chake, na mwenye zile mita nane nilizozitaja, atangulize mkungu, maana mchaichai akiuchelewesha mwaka mmoja atapoteza chai ya miezi michache tu, ilhali mkungu uliocheleweshwa mwaka mmoja ni alasiri zote za mwaka mzima zitakazokuja bila kivuli. Mwenye ua mdogo anayetaka kivuli atafute mti mwingine, na hilo tutalizungumza siku nyingine.

Kwenye kununua, mche wa mkungu mchunguzeni chini ya kiriba kabla ya kulipa. Huu wangu, mkitazama hapa, una mzizi uliotoboa nailoni na kujikunja, dalili kwamba umekaa kitaluni muda mrefu mno. Nitaukata ule uliojikunja kabla ya kuupanda, lakini laiti ningeugeuza pale pale ningechagua mwingine. Shina la mchaichai liwe gumu na jeupe kwa chini, lisiwe na harufu ya kuoza.

Kwa kuwa masika yanakaribia, shimo la mkungu nimeshalichimba kule magharibi, sentimita 60 kila upande, nikachanganya udongo wa juu na samadi iliyooza. Mchaichai nitaugawa vipande vitano jioni hii, jua likishapungua ukali. Vinne vitakaa hapa, na cha tano nimemwahidi mama jirani.