Waliila pembe ya saa yangu, kisha wakaniambia ndivyo ilivyobuniwa

Hasira yangu ina wiki kadhaa sasa na haijapoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo. Sizungumzii mashine ya saa, wala inazama maji kina gani, wala inakaa siku ngapi bila kuvaliwa. Hayo kila mtu anaweza kuyatafuta. Nazungumzia pembe moja ya kasha, ya chini kulia, pale mkanda unaposhikia. Na nazungumzia kijana wa kaunta aliyenitazama usoni akaniambia sijui saa.

Kampuni siitaji, na kituo cha huduma sikitaji. Itoshe kusema ni saa ya gharama, ya aina ambayo mtu hununua mara moja akitumaini siku moja atamkabidhi mwanawe. Kasha lake halilingani kulia na kushoto. Kushoto limepinda taratibu kuufuata mkono. Kulia limevimba, lina mabega mawili, moja juu ya ufunguo, kile kitufe cha ubavuni cha kutia na kurekebisha saa, na jingine chini yake. Siku ya kwanza nilipoitazama kutoka juu niliona imekwenda upande, kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja, nikadhani nimeuziwa kitu chenye kilema. Karibu niirudishe.

Kilichonizuia ni kuuliza sababu, na sababu ipo. Ufunguo ndio sehemu nyonge ya saa yoyote. Ukigongwa ukutani, kijiti chake kinapinda na maji yanapata njia ya kuingia. Mbuni akiamua kuukinga kwa kuongeza chuma upande ule mmoja, lazima kasha lielemee huko. Omega waliifanyia hivyo Speedmaster mwaka 1964: upande wa kulia ukaongezwa mwili ili kukinga ufunguo na vibonyezo viwili vya stopuochi. Saa za umbo hilo ndizo zilizokwenda mwezini na Apollo 11 mwaka 1969. Panerai wao kwenye Luminor wameweka daraja zima la chuma lenye kishikio cha kufunga na kufungua, kulia peke yake, na sijasikia mtu akiwataka waweke jingine kushoto lifanane. Heuer walipoitoa Monaco ya mraba mwaka huo huo wa 1969 ikiwa na mashine ya Calibre 11, ufunguo ulitokea kushoto, vibonyezo vikabaki kulia, kwa sababu ndivyo mashine ile ilivyopangwa. Seiko kwenye saa zao nyingi za wapiga mbizi wanausogeza ufunguo hadi penye namba 4, usichome mgongo wa kiganja unapokunja mkono.

Zipo pia zilizopindishwa kwa ajili ya macho tu. Vacheron Constantin mwaka 1921 waliugeuza uso wa saa mshazari ndani ya kasha lenye umbo la mto wa kulalia, na dereva akaweza kusoma saa bila kuutoa mkono kwenye usukani. Cartier walikuwa na Tank Asymétrique mwaka 1936, kisha Crash iliyotoka London mwaka 1967, ambayo imepinda kana kwamba imeyeyuka. Wapo wanaosema umbo lake lilitokana na saa iliyoungua kwenye ajali ya gari. Mimi siiamini hadithi hiyo. Ukiitazama Crash vizuri utaona kila mkunjo umefikiriwa, moto haufikirii.

Basi nikaipenda saa yangu, tena sana. Nilizoea kuishika gizani na kujua kwa kidole gumba peke yake ipi ni kulia. Na nikagundua jambo ambalo naomba mlishike, maana ndilo kiini cha ugomvi wangu. Kasha la namna hii halilingani kulia na kushoto, lakini *juu na chini linalingana*. Pita mstari wa kulala, kutoka kwenye ufunguo hadi upande wa pili: nusu ya juu ni sawasawa na nusu ya chini. Bega la juu ni pacha wa bega la chini. Pembe ya juu kulia ni pacha wa pembe ya chini kulia. Aliyeichora alivunja sheria moja akaishika nyingine kwa mikono miwili, ndiyo maana jicho linatulia.

Saa ilifika umri wa huduma nikaipeleka. Nilitaka mashine ifunguliwe, isafishwe, ipakwe mafuta mapya, na mpira wa kuzuia maji ubadilishwe. Kijana wa kaunta akasema, "Bosi, na polishi nyepesi tukuwekee, itarudi kama imetoka kiwandani." Nikasita. Akasema tena, "Nyepesi tu, tunafuta mikwaruzo ya juu." Nikakubali na kutia saini. Hilo nalisema wazi ili mtu asije akanikumbusha: saini ni yangu. Lakini niliyoitilia saini ni polishi *nyepesi*.

Siku ya kuichukua niliitoa kwenye kifuko pale pale kaunta. Iling'aa, kweli iling'aa. Kwa sekunde kadhaa nilifurahi. Kisha nikaigeuza chini ya taa.

Kwenye kila pembe ya saa hii kuna ukingo mwembamba uliokatwa mshazari, unaotenganisha uso wa juu wenye mistari ya msasa na ubavu unaong'aa kama kioo. Ukingo huo ndio unaoshika mwanga. Ukiinamisha saa, mwanga unatembea juu yake kama uzi mweupe kutoka bega hadi ncha ya pembe. Kwenye pembe tatu uzi ulitembea hadi mwisho. Kwenye pembe ya chini kulia ulianza vizuri, ukakonda, ukafifia, ukapotea kabla ya kufika ncha. Nikapitisha ukucha. Pembe ya juu ukucha unagota kwenye kona kali. Pembe ya chini ukucha unateleza kama juu ya kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika.

Nikamwambia kijana, "Kaka, hebu angalia hapa." Alikuwa na simu sikioni. Akaichukua saa kwa mkono mmoja, hakuitazama hata kwa muda wa kupepesa macho, akailaza kifudifudi juu ya kaunta ya kioo, kioo kwa kioo, bila hata kitambaa. Akamaliza kuongea na simu. Kisha akasema, "Hii modeli ndivyo ilivyo, bosi. Haina ulinganifu. Ndivyo ilivyobuniwa."

Nilimweleza kuhusu juu na chini. Nilimwonyesha picha nilizopiga kabla ya kuipeleka, pembe zote nne, nimezipiga kwa sababu naipenda saa yangu na ndivyo watu wanaopenda vitu hufanya. Akacheka. Akasema, "Ungekuwa unazijua saa hizi usingeuliza swali hilo." Mteja mwingine alikuwa amesimama nyuma yangu, akasikia.

Neno hilo ndilo lililonichoma kuliko pembe yenyewe. Kuna watu wamekaa mezani miezi na miaka wakichora kasha lisilolingana, wakabishana ongezeko la nusu milimita lianzie wapi na liishie wapi, na wewe unaichukua kazi yao unaifanya shuka la kufunikia uzembe wa mtu wako wa nyuma! Upande wenye sababu na upande wa kuharibiwa si kitu kimoja. Kama kila kilichokwenda kombo ni ubunifu, basi hakuna tena ubunifu, kuna ajali tu.

Nyumbani niliipima kwa vernia, kile kipimo cha kubana cha mafundi, mara tatu kila pembe, ili nisije nikamsingizia mtu. Ncha ya juu kulia ilikuwa milimita 3.1. Ncha ya chini kulia 2.6. Nusu milimita kwenye gari si kitu. Kwenye ncha ya pembe ya saa ni karibu sehemu moja ya sita ya mwili wake. Wanaojua gurudumu la polishi wanajua inavyotokea: gurudumu ni laini, linazunguka kwa kasi, na kona ndiyo inayoliwa kwanza. Fundi akikosea pembe ya kushika saa, akaegemeza kona moja sekunde chache zaidi ya nyingine, chuma kimekwenda, na chuma kikienda hakirudi. Ndiyo sababu wakusanyaji wa saa za zamani huipenda yenye mikwaruzo yake yote ambayo kasha halijaguswa kuliko inayometameta huku pembe zimekonda. Zamani nilidhani ni maringo yao. Sasa nawaelewa.

Niseme na haki yao pia. Mashine imerudi safi. Kabla ya huduma saa ilikuwa inachelewa kama sekunde 12 kwa siku, sasa haifiki 2. Kutia ufunguo kumekuwa laini, unasikia meno yakipita moja moja. Aliyeigusa mashine ile anajua kazi yake, na kwa hilo peke yake ningewapa alama nzuri kabisa. Kuna jioni nilikaa nikajiambia niache, saa ni ya kusoma saa, nani atakayeitazama pembe ya chini kulia? Nikaivaa siku mbili bila kinyongo. Siku ya tatu mwanga wa dirishani ukapita juu ya pembe ile, uzi ukakatika, na moto ukawaka upya.

Nikarudi. Kijana yule yule. Safari hii sikumpa saa, nilimwambia namtaka fundi. Akasema fundi haonani na wateja. Nikasema nitangoja, nikakaa kwenye kiti. Baada ya muda mrefu akatoka mzee mmoja, lenzi imening'inia shingoni, akasema, "Nionyeshe, mwanangu." Nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili. Aliweka lenzi jichoni, akainamisha saa taratibu, nikajua anautafuta ule ule uzi wa mwanga. Akapitisha ukucha, juu, kisha chini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hapa ameegemea. Si kazi yangu hii, mimi ni wa mashine, lakini hapa ameegemea."

Sijui kama alielewa alichonipa kwa maneno hayo. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikiambiwa macho yangu ni mabovu.

Alinieleza kwamba inawezekana kulehemu kwa leza, chuma kinaongezwa tone kwa tone kwenye ncha, kisha kinachongwa upya hadi ukingo urudi. Kazi ya mtu mwingine, mahali pengine, na itachukua muda. Akaniambia kwa ukweli kwamba nisikubali mtu yeyote azipige msasa pembe tatu nzima ili zifanane na ile mbovu, kwa sababu hilo ndilo pendekezo nitakalopewa kwanza. Na kweli, kijana wa kaunta alikuwa amekwisha kulitaja nilipokuwa nangoja: "Tunaweza kuzisawazisha zote." Yaani wanile mara nne!

Sijaiacha kwao. Ipo mkononi mwangu ninapoandika. Saa yenyewe naisifu kwa moyo wote, na anayesita kununua kasha la upande kwa kuogopa macho yatachoka nayo, asisite. Huduma, nilikuja hapa nikitaka kutoa sifuri. Kwa ajili ya yule mzee nikaona nitoe nyota tatu, maana mashine inatembea vizuri na ameniheshimu. Hapana. Naandika moja. Mzee yuko nyuma ya mlango, na kijana ndiye anayepokea saa za watu, na mpaka leo hakuna aliyeniomba radhi.