Tahadhari: krosova yenye koili ya pambo

Ndugu zangu mnaojitengenezea spika, kuna muuzaji mtandaoni anayeuza bodi za krosova za njia mbili, yaani za kugawa muziki: besi iende kwenye wufa (spika kubwa) na sauti nyembamba iende kwenye tuita (spika ndogo). Zimeandikwa 3000 Hz (mitetemo kwa sekunde, pale sauti zinapogawanywa), ohm 8 (ukinzani wa spika), wati 200. Kwenye picha zinavutia kweli: koili nono ya shaba, ya kuzuia sauti nyembamba zisifike kwenye wufa, na kapasita kubwa nyeusi, ya kuzuia besi isifike kwenye tuita. Nimenunua mbili, na zote ni utapeli mtupu.

Nilipowasha, wufa ilikuwa inakwaruza kila mtu anapoimba, na tuita inasikika kwa mbali kama imefunikwa blanketi. Nikadhani kosa ni la boksi langu. Siku mbili nzima nahangaika na sufi ya ndani, kumbe! Nilipoigeuza bodi nikaona njia ya shaba inatoka kwenye ingizo moja kwa moja hadi kwenye wufa. Koili imelehemiwa penye madoa mawili yasiyoungana na kitu chochote. Imewekwa ionekane tu, kwa hiyo wufa inapokea sauti zote.

Kapasita ya tuita ndiyo iliyoniuma zaidi. Imeandikwa mikrofaradi 6.8, mita yangu ikasoma 2.2. Nikachana ganda kwa wembe: ndani mna kapasita ndogo kama punje ya mahindi, ina mstari wa hasi ubavuni, na nafasi iliyobaki imejazwa gundi. Kwa tuita ya ohm 8, 6.8 inaanza kupunguza sauti zilizo chini ya 2900 Hz hivi, lakini 2.2 inapunguza hata zote zilizo chini ya 9000 hivi. Isitoshe, kapasita yenye chanya na hasi haifai kabisa hapo, maana mkondo wa muziki hugeuka huku na huku muda wote. Itachoka, na siku moja inaweza kupiga shoti, besi ipite, na ule waya wa tuita mwembamba kama unywele uungue.

Nilimwandikia muuzaji, akaniambia nitafute amplifaya kubwa zaidi. Nilipomtumia picha za kapasita iliyochanwa, akanifungia.

Nilipaswa kushtuka mapema, kwa sababu hakuniuliza spika zangu ni za ohm ngapi. Krosova sahili ya kapasita moja na koili moja, iliyopigiwa hesabu ya ohm 8 kwa 3000 Hz, ukiifungia spika za ohm 4 tuita itaanzia 6000 na wufa itaishia 1500. Katikati panabaki shimo, na hapo ndipo uwazi wa maneno ulipo. Kwa ohm 8 halisi unahitaji kapasita ya mikrofaradi 6.6 hivi, isiyo na chanya wala hasi, na koili ya milihenri 0.42 ambayo unaweza kuisokota mwenyewe. Hapo ni pa kuanzia tu, kwani ohm za spika hubadilika kadiri sauti inavyotoka kwenye besi kwenda kwenye nyembamba.

Kama umeshaifunga bodi ya namna hii, tafadhali usiongeze sauti. Itoe, igeuze, fuata njia za shaba kwa jicho, kisha ng'oa mguu mmoja wa kapasita ya tuita uipime.