Rigol DS1054Z na PulseView: uzoefu wangu wa kupima analogi na dijitali pamoja

Oskiloskopu yangu (kifaa cha kuchora wimbi la umeme kwenye skrini) ni Rigol DS1054Z, chaneli 4, MHz 50, ile ile utakayoikuta kwenye meza za mafundi wengi. Inachokosa ni chaneli za dijitali. Ndugu zake wa MSO1000Z (MSO ni oskiloskopu yenye chaneli za dijitali pia) wana 16 na tundu la mbele la kuchomeka probu zake. Hii haina tundu hilo, kwa hiyo hakuna leseni ya kununua itakayoiongezea. Mimi nimeziba pengo kwa PulseView, programu ya bure ya mradi wa sigrok, na nimeitumia vya kutosha kwenye kazi za chaja za sola kujua inafaa wapi.

Kuunganisha ni kazi ndogo: kebo ya mtandao au USB, kisha unachagua draiva ya rigol-ds. Cha kuangalia ni chanzo cha data. Ukichagua Live unapata nukta 1,200 tu kwa chaneli, zile za kwenye skrini. Weka Memory. Hapo, chaneli zote 4 zikiwa zimewashwa, kila moja inakuletea hadi nukta milioni 3. Lakini uwe na subira. Mashine inazitoa kwa mafungu yasiyozidi nukta 250,000 na chaneli zinapokezana zamu. Mimi hutumia muda huo kuinjika chai.

Utamu unaanza data ikishafika. PulseView inaligeuza wimbi la analogi kuwa 0 na 1 ndani ya programu yenyewe: unabofya jina la chaneli, unaamua kama unataka kizingiti kimoja au viwili vya mtindo wa Schmitt (kimoja cha kupanda, kingine cha kushuka), unapanga volti. Kisha unaweka dekoda, yaani kitafsiri cha kugeuza 0 na 1 kuwa ujumbe unaosomeka. Ziko zaidi ya 100, zimeandikwa kwa Python, na unaweza kuzipandanisha, kwa mfano I2C (mawasiliano ya chipu kwa waya mbili) chini na ya EEPROM (chipu ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) juu yake. Dekoda ya ndani ya Rigol husoma kilichopo kwenye skrini tu. Hii inasoma rekodi nzima, na wimbi unaliona palepale juu ya baiti zake.

Faida yake niliiona kwenye bodi moja ya chaja iliyokuwa inasahau mipangilio kila mara. Kuna EEPROM ya 24C02 inayoongea I2C kwa 3.3 V. Logiki analaiza, kifaa kinachorekodi 0 na 1 tu, peke yake iliandika NACK (chipu haikuitikia), basi, haikusema kwa nini. Kwenye PulseView niliona laini ya SCL, ile ya saa, inapanda kivivu, karibu mikrosekunde 1.3, wakati I2C ya kHz 100 inaruhusu 1 tu. Tena MOSFET (swichi ya kielektroniki) ya kuchajia ikiwaka, wimbi linapigwa kikofi kidogo katikati ya mlima. Kwa kizingiti kimoja, kikofi hicho kilihesabiwa kama pigo jingine la saa, na baiti zote zilizofuata zikateguka. Nikabadili kuwa vizingiti viwili, 1.0 V na 2.3 V, kwenye rekodi ile ile bila kugusa bodi: anwani 0x50 ikasomeka, data ikatoka safi. Kumbe chipu ni nzima. Nikatoa rezista za 10k za kuvutia laini juu, nikaweka za 2.2k, na muda wa kupanda ukashuka hadi kama mikrosekunde 0.3. Chaja ikaacha kusahau.

Chaneli 4 zisipotosha naongeza kale kalogiki analaiza ka dola 10 hivi, chaneli 8, chenye chipu ya Cypress FX2. Kwenye Windows utahitaji Zadig, programu ya kuweka draiva za USB, kwanza ili draiva ikae. Kimeandikwa MHz 24, ila hakina kumbukumbu yake na kila kitu kinapita USB moja kwa moja, kwa hiyo MHz 8 au 12 ndiyo kasi ya kuiamini. Hapa muungano unalegea: kila kifaa kinafunguka kwenye sesheni yake na saa zao hazifungamani. Mimi huvuta waya kutoka Trigger Out, tundu la nyuma ya oskiloskopu linalotoa pigo kila inaponasa wimbi, hadi chaneli ya mwisho ya analaiza, nipate alama ya kulinganishia. Inatosha kujua kipi kilitangulia. Ukitaka usahihi wa nanosekunde, nunua MSO halisi.

Na tafadhali, angalia graundi. Graundi ya analaiza, ya laptopu na ya oskiloskopu zinakutana kupitia USB. Chaja nyingi za sola za PWM (zinazochaji kwa kuwasha na kuzima haraka haraka) huunganisha chanya ya paneli na ya betri na kukata upande wa hasi, yaani hasi ya paneli si hasi ya betri. Ukibana klipu moja huku na nyingine kule, umeiruka MOSFET kwa waya wa USB. Mimi huweka graundi zote kwenye hasi ya betri, na oskiloskopu naiunganisha kwa kebo ya mtandao, maana matundu ya mtandao yana transfoma ndani yake na kebo isiyo na ngao ya chuma haibebi graundi.