TAHADHARI: Anauza maji ya almasi feki hapa Mombasa, msimkaribishe maabara

Wallahi kwa hasira niliyonayo hata chakula hakinipiti. Nawaandikia nyote mnaosugua na kung'arisha sampuli (vipande vya chuma vya kuchunguzwa kwa hadubini): wa maabara za vyuma, wa karakana za meli, walimu wa vyuo vya ufundi, na nyinyi wanafunzi mnaochangishana pesa za mradi. Kuna jamaa anazunguka Shimanzi, Changamwe na Mikindani na begi jeusi begani, anauza maji ya almasi, yaani maji yenye unga wa almasi wa kung'arishia chuma, na msasa wa maji. Ni tapeli. Msimfungulie mlango.

Wa karibu mnajua hali yetu ilivyokuwa wakati ule, mambo ya mzigo wa vifaa kuchelewa na mzee, bosi wetu, kuulizia ripoti kila asubuhi. Sirudii. Jueni tu kwamba maji ya almasi ya maikroni 3 (ndio ukubwa wa chembe, maikroni ni elfu moja ya milimita) yalikuwa yamebaki ya kulowesha kitambaa, na huyu mtu akatokea kama aliyeambiwa.

Hakuja na mdomo wa wachuuzi. Alisalimia vizuri, akasimama akitazama mashine, kisha akamkemea kijana wetu kwa sababu kitambaa cha maikroni 1 kilikuwa kimewekwa wazi bila kufunikwa. Akamwambia, "Mwanangu, chembe moja tu ya msasa ikiangukia hapa, hiki kitambaa kitupe." Maneno hayo hayo mimi huyasema kila siku! Akaniuliza nital yetu, ile asidi ya nitriki ndani ya spiriti ya kufichua umbile la chuma, ni ya asilimia ngapi. Nani asiye wa kazi hii anajua kuuliza nital?

Akaomba kipande chochote cha chuma. Nikampa cha chuma cha kaboni ambacho kilikuwa kimeshamiminiwa rezini, ile gundi inayoganda kukishikilia kipande. Akaanza na msasa wa P240 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), maji yakitiririka, mpaka mikwaruzo yote ikalala upande mmoja. Akakigeuza robo duara, akaweka P400, akasugua mpaka ile mikwaruzo ya kwanza ikapotea yote, akageuza tena, P800, kisha P1200. Kila akimaliza hatua ananawa mikono, anakiosha kipande kwa sabuni na pamba, anakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Hakuharakisha hata mara moja. Ndipo akatoa chupa zake begini: maikroni 9, kisha 3, kisha 1, kila moja na kitambaa chake. Akasuuza kwa spiriti, akakausha kwa draya huku amekiinamisha ili tone lisiache alama. Uso ukawa kioo, ndevu zangu naziona. Tukakitia chini ya hadubini, tukakikuza mara 200, hakuna mkwaruzo. Akakitia nital sekunde chache, visiwa vyeusi vya pelaiti vikajitokeza katikati ya feraiti nyeupe (ndizo sehemu mbili za chuma hicho), safi kabisa.

Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo utamshukuje? Msije hapa kuniambia eti ningekuwa mwangalifu. Kazi hii nimeifanya miaka, na mkono unaoijua naujua nikiuona. Mkono wake unaijua. Ndiyo maana naumia zaidi, kwa sababu huyu si mhuni wa mtaani aliyeokota chupa. Huyu ni fundi aliyeamua kuwaibia mafundi wenzake.

Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya tunayonunulia. Akasema ni mabaki ya mkandarasi aliyemaliza kazi bandarini. Mji huu wakandarasi wanakuja na kuondoka, vifaa vinabaki, na nusu ya vitu vilivyomo kwenye karakana zetu vimepatikana hivyo hivyo. Nikalipa Sh64,000. Akaacha katoni yenye chupa zilizofungwa sili na pakiti za msasa, akatushika mikono wote, akamwombea dua mzee.

Kazi ya kwanza kuingia ilikuwa bolti ya winchi ya meli iliyokatika. Mteja alitaka kujua kama ilikufa kwa uchovu wa chuma, yaani kuchoshwa na mzigo unaorudiarudia, au ilipashwa moto na kupozwa vibaya tangu kiwandani. Karibu na pale ilipokatika palikuwa na ufa mwingine mdogo, haukwenda ndani sana, na ule ufa ndio uliokuwa na jibu lote. Tukakata, tukamimina rezini, tukaanza.

Msasa wake ulipoguswa na maji gundi ikalainika, chembe zikabaki kwenye vidole. Ulikuwa msasa wa mbao uliopigwa muhuri wa P1200 mgongoni! Tukadhani ni pakiti moja mbovu, tukaumaliza usawa kwa msasa wetu wa zamani. Tukafungua sili ya maikroni 9, mambo yakawa si mabaya sana. Tulipofika maikroni 3, uso mzima ukachimbwa kama shamba lililopitiwa jembe. Kitambaa kipya, kipande kilichooshwa, mikono safi, na mikwaruzo inaonekana kwa macho matupu.

Kwa wasiojua, hili si suala la kusugua tena kidogo. Kila hatua kazi yake ni kuondoa tabaka lililoumizwa na hatua ya kabla. Mkwaruzo ukienda ndani, lazima urudi kwenye msasa mkali uanze upya, na kila ukirudi unakula chuma. Tuliporudi, ufa ukaondoka na maji kwenye sinki. Bolti ile haina pacha. Hata ugumu wa Vickers, unaopimwa kwa kubonyeza ncha ya almasi kwenye chuma, hatukuweza kuusoma vizuri, kwa sababu pembe za ile alama ndogo ya almasi hazikuonekana katikati ya michirizi. Vitambaa navyo tumevitupa vyote vilivyogusa maji yale.

Injinia wa meli akaja, mtu mzima mwenye heshima zake, akaniuliza, "Kipande changu kiko wapi?" Nilisimama mbele yake na mbele ya mzee, vijana wanatazama chini. Mzee hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Baadaye nikamwaga tone la ile chupa kwenye kigae cha kioo, nikalitazama. Chembe za kila ukubwa, nyingine zinapita maikroni 40, zimeviringika kama za ufuoni. Nikazisugua kwenye kipande cha kabaidi ya tungsteni, ambayo ni ngumu kuliko mchanga, hazikuacha alama. Almasi lazima ingeacha. Ametuuzia mchanga uliotiwa rangi na sabuni!

Na zile chupa alizotumia mbele yetu? Alizirudisha begini. Hizo ndizo zilizokuwa za kweli.

Mtu huyu afungwe. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayejipatia mali kwa udanganyifu anaweza kupewa hadi miaka 3 jela. Mimi naona ni michache, lakini basi apewe yote mitatu, aikae gereza la Shimo la Tewa asiguse tena mashine ya kung'arisha. Na wanaompa lebo na chupa nao watafutwe, maana zile lebo hazikuchapwa nyumbani. Kuna mtu anajua atokako, na anayemjua akanyamaza ni mwenzake. Bolti ile ilikuwa inashikilia winchi, na chini ya winchi kuna watu wanafanya kazi. Maabara ikitoa ripoti mbaya kwa sababu ya uso mbovu, mtu atakufa gatini, na yeye atakuwa ameshafika Malindi na begi lake.

Dalili, kwa haraka. Tikisa chupa uisimamishe kwenye mwanga: almasi ya maikroni 3 huchukua muda mrefu kushuka, mchanga unakaa chini ndani ya dakika. Akikukwaruzia kioo usidanganyike, kwa kipimo cha ugumu cha Mohs kioo hakifiki 6, kwazi, yaani mchanga wa kawaida, ni 7, kwa hiyo nao unakikwaruza. Msasa uloweke kwanza. Jaribio lifanyike kwa chupa utakayoichagua wewe kutoka kwenye katoni, sili ifunguliwe mbele yako. Na jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa la kwenye risiti. Alisema ni la mkewe. Stakabadhi ya kampuni hana, anatoa karatasi ya kuandika kwa mkono.

Kituoni nimeshaandikisha, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ninayo. Nimeambiwa malalamiko ya mtu mmoja yana uzito mdogo, sasa nataka tuwe wengi. Najua wapo waliopigwa na wanaona haya kusema. Nitumieni ujumbe. Chupa msizimwage, zileteni na maji yake ndani pamoja na lebo na ule ujumbe wa M-Pesa. Na kama ameshaingia kwako leo, usinunue: mpe chai, umweke hapo, unipigie.