Ziara ya shamba la mwani Paje: nendeni, ila siku za bamvua

Ukienda Paje, Zanzibar, usiishie kulala bichi tu, chukua ile ziara ya shamba la mwani inayoongozwa na wamama wenyewe, mi naipa nyota nne. Uliza kwanza bamvua (siku maji yanapokupwa sana) ni lini, maana siku nyingine maji hayapwi vya kutosha na utaishia kuonyeshwa mwani mkavu kwenye turubai.

Maji yakiwa chini ya magoti mama aliyetuongoza alivunja kipande cha mwani urefu wa kidole, akakifunga kwa taitai, yaani kikamba chembamba, kwenye kamba iliyokazwa kati ya vijiti viwili, basi, hiyo ndo mbegu. Kipande kinaota kinakuwa shada zima, kama wiki sita unavuna na unabakiza vya kupanda tena, yaani mwani huu ulioletwa kutoka Ufilipino kilimo kilipoanza Zanzibar 1989 umekuwa ukikatwakatwa tu hadi leo. Na wimbi likiukata unaenda na maji, ukinasa kwenye nyasi za baharini au kwenye mwamba unaota hukohuko bila mtu, watafiti wameshaukuta mwani wa Asia nje kabisa ya mashamba, na wa asili ya pwani yetu nao bado wameukuta.

Kilichoniuma ni kottoni jamani. Wanalima aina mbili za mwani, spinosamu na kottoni. Spinosamu ipo tele, ila kottoni ndo yenye bei na ndo inayopotea, maji ya karibu na ufukwe yakipata joto inapauka. Mama alitushikisha tawi moja, ncha nyeupe, laini, ukibinya inakatikia mkononi. Na vile vyote ni vipande vya ukoo mmoja, ugonjwa ukiingia unafagia. Kwenye maji ya kina inavumilia zaidi, ndo maana mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya na wenzake wamehangaika kuipeleka huko kwa nyavu za mirija, yaani nyavu ndefu kama bomba zinazojazwa mwani ndani, shida wamama wengi hawajui kuogelea na boti ni hela. Hapa ziara ilienda haraka mno, mi ningekaa hapo saa nzima.

Sabuni za mwani wanazouza ni nzuri, haikaushi ngozi, ya karafuu ndo kali kuliko zote. Ila duka nililonunulia paketi imeandikwa mwani tu na muuzaji hakujua ni spinosamu au kottoni wala umevunwa wapi. Waandike aina na kijiji, nyota ya tano nawapa siku hiyohiyo.