Kabati la kitambaa kwa chumba cha watoto: lifupishe kwanza

Kabati hili la mabomba membamba na kitambaa chenye zipu limejaa Kariakoo na kwenye maduka ya mtandaoni. Kwa nguo za watoto wawili linatosha, na kwa mpangaji ni nafuu kubwa, maana siku ya kuhama linarudi kwenye boksi. Shida yake ni urefu. Likiungwa kama picha ya kwenye boksi inavyoonyesha, linafika karibu sentimita 170, mtoto wa miaka mitano hafikii bomba la kutundikia. Matokeo yake anakanyaga rafu ili apande, na hapo ndipo kabati linapomwangukia.

Kwa hiyo lifupishe. Nguzo nyingi zina vipande vitatu, tumia viwili. Kitambaa kinachozidi kipeleke kwa fundi cherehani akikate na kukipinda chini. Mwambie apandishe kichwa cha zipu juu kabla ya kukata, kisha ashone kizuizi mwishoni, la sivyo kichwa kitachomoka mara ya kwanza tu mtoto akikivuta.

Kinachoua makabati haya ni viungio vya plastiki. Hupasuka shingoni, pale bomba linapoingia, na mara nyingi chanzo ni nyundo ya siku ya kuunga. Lishike bomba kwa mikono miwili, lizungushe huku ukilisukuma. Likigoma, weka kipande cha ubao juu yake, ugonge ubao taratibu. Kiungio kikilegea, zungushia ncha ya bomba tepu ya umeme mara mbili. Ukiona ufa mweupe kwenye plastiki, usihangaike na gundi, haidumu, badilisha. Viungio vilivyobaki baada ya kulifupisha ndiyo spea zako, vitunze.

Kabla ya kufunga kila ngazi, hakikisha mabomba yake yamepita kwenye mikunjo ya kitambaa cha rafu. Ukisahau, utabomoa ngazi nzima. Rafu zenyewe ni dhaifu: zikibonyea katikati zinavuta nguzo kuja ndani, kabati linaanza kuinama. Kata plaiwudi nyembamba, ya milimita 3 au 4, iwe na upana wa kulala juu ya mabomba ya pande zote mbili. Ikiishia kwenye kitambaa haisaidii kitu.

Hata lililofupishwa lifunge ukutani kwa waya au kamba imara kwenye bomba la juu la nyuma, na skrubu yenye plagi ya ukutani. Hili si la hiari palipo na mtoto anayepanda vitu.

Kitambaa chake ni jamaa ya kile cha mifuko mbadala iliyoenea Tanzania baada ya katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019. Kikipigwa na jua la dirishani miezi kadhaa, kinakatika na kuacha unga, basi lisogeze mbali na dirisha. Mikoa ya pwani, angalia pia ncha za mabomba: rangi ikichubuka, kutu inahamia kwenye shati jeupe la shule. Ivishe ncha hiyo tepu mapema, wala usitundike sare ambayo haijakauka vizuri.

Vitabu, viatu na midoli visiingie humu. Midoli ikae kwenye ndoo yenye mfuniko, sakafuni.